Kutoka Selander hadi Mpiji: Kuishi na Kununua Nyumba Pwani ya Kaskazini ya Dar es Salaam

Daraja la kwanza la Selander lilijengwa mwaka 1929 kwenye mlango wa Mto Msimbazi, na kuanzia hapo mji wa Dar es Salaam ukaanza kujivuta kuelekea kaskazini, ukiifuata bahari. Leo makazi hayo yanaishia Mto Mpiji, mpaka wa mkoa na Wilaya ya Bagamoyo. Katikati yake kuna Oysterbay, Masaki, Msasani, Mikocheni, Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, Bahari Beach, Ununio, Mbweni, Boko na Bunju. Barabara ya Bagamoyo, ambayo kipande chake cha mjini kinaitwa Ali Hassan Mwinyi, ndiyo inayoyaunganisha. Anayetoka mjini bahari huwa kulia kwake. Kushoto ardhi hupanda taratibu kuelekea Goba, Salasala na Wazo.

Sokoni, nyumba za upande huu hupewa bei kwa kuangalia umbali wake na maji ya bahari. Kadiri nyumba inavyosogea ufukweni ndivyo dalali anavyopandisha sauti. Kwa muuzaji kipimo hicho kinatosha, ila anayetaka kuishi hakimsaidii sana. Mambo mawili yasiyoonekana kwenye picha za matangazo ndiyo yanayoamua kama nyumba ya pwani itakalika: maji ya mvua yanapita wapi, na jalada la kiwanja linasema nini katika ofisi ya ardhi. Anayeifuata barabara kutoka kusini kwenda kaskazini huyaona yote mawili yakijitokeza mtaa kwa mtaa.

Oysterbay ni miongoni mwa mitaa ya zamani. Waingereza waliitenga kuwa makazi ya Wazungu, katika mji uliogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Viwanja vilikatwa vikubwa, nyumba zikawekwa mbali na barabara, madirisha yakaelekezwa upepo unakotoka, na miti ikaachwa. Baada ya Uhuru nyumba hizo zilikaliwa na viongozi na watumishi wa serikali, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa na nyumba yake Msasani. Sasa maghorofa yamechipuka kati ya nyumba hizo za kale, na upangishaji unawalenga mabalozi, mashirika ya kimataifa na kampuni. Kwa miaka mingi kodi za Masaki na Oysterbay zilitajwa kwa dola za Kimarekani, hadi kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku kutaja na kulipana bei za ndani kwa fedha za kigeni. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na lililozinduliwa mwaka 2022, limeisogeza Rasi ya Msasani karibu zaidi na katikati ya mji. Linapita juu ya maji kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi karibu na Coco Beach.

Kuenea kwa watu wa kipato cha kati kuelekea Mikocheni na Mbezi kuna historia yake, nayo ni ya kisiasa. Azimio la Arusha la 1967 liliwazuia viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kujenga nyumba ya kuishi mwenyewe hakukukatazwa, na watumishi wengi waligawiwa viwanja katika maeneo yaliyopimwa kaskazini mwa mji. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, waliokuwa na kiwanja kimoja wakatafuta cha pili, na nyumba ikawa akiba, pensheni na urithi kwa wakati mmoja. Mikopo ya nyumba ilikuwa adimu, kwa hiyo watu walijenga polepole: mwaka huu msingi, mwaka ujao matofali hadi lenta, mwaka wa tatu kuezeka. Mapagale yaliyoota majani kando ya barabara yamesimama hivyo kwa sababu mwenyewe anangoja fedha za hatua inayofuata.

Kawe ni mahali pa kuona njia nyingine ya kupata nyumba. Ardhi kubwa iliyokuwa ya kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers iko hapa, na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, limejenga maghorofa ya kuuza. Anayenunua sehemu ya ghorofa hununua chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008. Sheria hiyo inampa hati ya sehemu yake, na inamfanya kuwa mshirika wa wenzake katika ngazi, lifti, paa na tangi la maji. Faida yake ni kwamba matatizo ya kiwanja yameshabebwa na mwendelezaji. Mnunuzi anatakiwa kuuliza mapema ni nani atakayesimamia jengo baada ya miaka kumi, na mchango wa kila mwezi ni kiasi gani. Upepo wa chumvi unaokula nondo za ghorofa ya tano ni uleule unaokula geti la nyumba ya chini, ila kwenye ghorofa bili ya matengenezo ni ya pamoja, na jirani asiyelipa huwaumiza wote.

Baada ya Lugalo barabara huingia Mbezi Beach. Vituo vya daladala ndivyo anwani za watu: Makonde, Tangi Bovu, Africana. Kituo cha Africana kina jina la hoteli iliyokuwa ufukweni. Hoteli hiyo iliachwa baada ya bahari kuula ufukwe wake, na kisa chake kinafaa kusomwa na kila anayetamani kiwanja cha mstari wa mbele. Mchanga wa ufukwe huu unaletwa na mito midogo inayoshuka kutoka vilima vya nyuma, kama Mbezi na Tegeta, kisha mikondo ya bahari huusambaza kando ya pwani. Mji ulipohitaji mchanga wa kujengea, watu walikwenda kuuchimba kwenye mito hiyohiyo. Wakati huohuo uvuvi wa baruti ulivunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya mawimbi. Mchanga ukawa hauingii kwa kiasi kinachotoka. Baadhi ya wenye mali walijenga kuta za mawe zilizochomoza baharini ili wazuie mchanga usiondoke kwao. Ukuta wa namna hiyo hukusanya mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, kwa hiyo kinachookoa ufukwe wa mmoja hula ufukwe wa jirani yake.

Kwa sababu hiyo kiwanja cha ufukweni hakipimwi siku ya maji kupwa. Kipimo chake ni bamvuo, wakati wa mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa hadi mwisho wake, na hasa bamvuo linapokutana na upepo mkali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima, na viwanja kadhaa vinavyotangazwa kuwa vinagusa maji havina kabisa mahali pa kuweka nyumba nje ya mstari huo. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 wakazi wa Bonde la Msimbazi waliona alama nyekundu ya X ikipigwa kwenye kuta zao, kisha tingatinga likafuata. Sheria iliyowaondoa wao ndiyo inayomhusu mwenye jumba la ghorofa mbili kwenye mikoko ya mlango wa mto.

Kunduchi ni ya kale kuliko Dar es Salaam yenyewe. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, ushahidi kwamba watu waliishi hapa kwa bahari na biashara karne nyingi kabla ya barabara ya lami. Kijiji cha wavuvi kingali hai. Asubuhi ngalawa na mashua zinaporudi, mnada hufanyika palepale mchangani: fungu la changu au vibua humwagwa kwenye turubai, mnadishaji anataja bei, kina mama wenye ndoo wanapandisha kwa mia tano mia tano, na fungu linapokwenda linasogezwa linalofuata. Nyuma yao wakaanga samaki wameshawasha moto. Siku niliyosimama hapo nilihesabu kuta tatu ndefu za nyumba za kisasa zilizofika hadi pembeni ya eneo la mnada. Wavuvi walikuwa wakibeba nyavu kwa kuzunguka mojawapo, kwa sababu njia waliyokuwa wakipita zamani imekuwa ndani ya ua wa mtu.

Kaskazini ya Kunduchi, barabara inapita Mtongani na kufika Tegeta, kilomita 25 hivi kutoka katikati ya mji. Kilima cha Wazo kinachimbwa mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na malori yake ni sehemu ya maisha ya kila siku. Tegeta ndipo wakazi wa Bahari Beach, Ununio na Mbweni wanakopata soko, benki, duka la vifaa vya ujenzi na zahanati. Upanuzi wa barabara kati ya Mwenge na Tegeta, uliofadhiliwa na Japani na kukamilika mwaka 2014, uliifanya sehemu hii kuwa mahali ambapo mfanyakazi wa mjini anaweza kuishi na kwenda kazini kila siku. Foleni haijaisha. Ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka umeongeza vumbi na michepuko kwa wakati huu, ingawa ndio unaotarajiwa kuleta nafuu. Mwenye gari binafsi anayeishi Mbweni huondoka nyumbani kabla ya jua kutoka, na anayetegemea daladala huongeza bajaji au bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani. Gharama hiyo ya kipande cha mwisho haimo kwenye bei ya nyumba, lakini italipwa kila siku ya kazi kwa miaka yote.

Mbweni, Boko na Bunju zilipata sura yake ya sasa kutokana na mradi wa viwanja 20,000, ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002. Serikali ilitwaa mashamba, ikalipa fidia, ikapima, ikafungua barabara na kuuza viwanja Bunju, Boko, Mbweni, na upande wa pili wa mji Kibada, Gezaulole, Tuangoma na kwingineko. Ndiyo maana mtaa wa Mbweni una barabara zilizonyooka na namba za viwanja zinazofuatana, wakati mtaa wa jirani uliokua bila kupimwa una vichochoro visivyopitisha gari la zimamoto. Tofauti hiyo ina thamani kuliko vigae vya sebuleni. Anayenunua katika eneo lililopimwa hununua pia barabara, nafasi ya nguzo za umeme na uhakika wa mpaka.

Kupimwa, hata hivyo, hakukaushi ardhi. Sehemu ya Boko inayoitwa Basihaya iko chini, na maji ya masika yakishuka kutoka vilima vya nyuma hutuama. Kuna nyumba nzuri ambazo wenyewe huingia kwa kutembea juu ya mifuko ya mchanga, na mashimo ya maji machafu hufurika kwa sababu maji ya ardhini yamepanda yakayajaza. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe mbele ya duka lake alinijibu swali langu la bei kwa upole: “Mwanangu, kiwanja cha huku usikiangalie Agosti. Njoo Aprili, mvua ikinyesha siku tatu, ndipo uulize bei.” Hakuna ripoti ya mthamini inayompa mnunuzi taarifa bora kuliko hiyo. Dalili zake huonekana hata kiangazi: mstari wa rangi ya udongo kwenye ukuta, mlango ulioinuliwa kwa ngazi zisizo na sababu, matete, na kalavati kubwa linaloelekea kwenye ua wa mtu.

Baada ya ardhi kukubalika, karatasi hufuata. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Mnunuzi aulize imebaki miaka mingapi. Asiye raia haruhusiwi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa njia zilizoidhinishwa kisheria, hasa uwekezaji, na kwa miaka mingi Watanzania waliochukua uraia wa Oman, Uingereza au Marekani waligundua kwamba jina la kijiji chao cha kuzaliwa halikuwapa msamaha. Wengi waliandikisha nyumba kwa jina la ndugu. Ndugu akifariki au akigeuka, aliyetoa fedha hana hati ya kushika.

Kuna ngazi za karatasi, na bei hutofautiana kwa ngazi hizo. Chini kabisa ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na ofisi ya serikali ya mtaa. Juu yake kuna ofa, yaani barua ya toleo, kisha hati yenyewe. Karatasi ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba watu fulani waliuziana mbele ya mwenyekiti. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Baadhi ya ofisi hizo hudai asilimia 10 ya bei ili zigonge muhuri, jambo ambalo mnunuzi ana haki ya kulikataa. Aende na nakala ya hati kwa Msajili wa Hati, alipie upekuzi rasmi, aone jina la mmiliki, rehani za benki na pingamizi za mahakama. Kisha amchukue mpima ardhi aliyesajiliwa waende kutafuta bikoni, kwa sababu kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni janga la muda mrefu la mji huu. Ukuta wenye maandishi makubwa ya rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI, EPUKA MATAPELI, upo karibu kila mtaa wa pwani hii. Umeandikwa na wenye nyumba waliorudi safari wakakuta wageni wakionyeshwa sebule yao.

Muuzaji aliyeoa au kuolewa aje na mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwingine, na mauzo mengi huanguka katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sababu hiyo moja. Nyumba ya marehemu iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa wa ukoo peke yake hatoshi. Fedha zipite benki. Uhamisho wa miliki unahitaji tathmini, kodi ya ongezeko la mtaji, ushuru wa stempu na idhini ya ofisi ya ardhi. Gharama hizo ziandikwe kwenye mkataba nani anazilipa, pamoja na ya dalali, ambaye huanza kudai tangu siku ya kwanza ya kuonyesha. Baada ya hapo kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na kodi ya majengo ambayo tangu 2021 hukatwa wakati wa kununua umeme wa LUKU. Mikopo ya benki ya nyumba sasa ipo, ila riba zake bado ni kubwa na hutolewa kwa mwenye hati safi, ndiyo maana nyumba yenye hati huuzwa haraka kuliko jirani yake.

Chumvi nayo ina gharama zake. Mchanga wa ufukweni haufai kwa zege, kwa kuwa chumvi yake hufikia nondo, nondo hupata kutu, kutu huvimba na zege hupasuka kutoka ndani. Kwenye nyumba iliyokwishajengwa alama yake ni nyufa zinazofuata mstari wa bimu na vipande vinavyobanduka chini ya kibaraza. Anayenunua pagale lililokaa miaka kumi na nondo zake nje azikague kabla ya kumwagia zege jipya. Grili za chuma zinahitaji rangi mara kwa mara, madirisha ya alumini hudumu zaidi, na viyoyozi vinavyotazama bahari huoza mapema. Maji ya kisima karibu na pwani mara nyingi ni ya chumvi, na yanazidi kuwa hivyo visima vinapoongezeka na bahari ikapenya chini ya ardhi. Maji ya bomba hutoka mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo, na bomba lake kuu linafuata Barabara ya Bagamoyo; hata hivyo nyumba isiyo na tangi kubwa haijakamilika.

Upande wa pili wa bandari, Kigamboni, kuna pwani ndefu zaidi na viwanja vikubwa zaidi. Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 lilipunguza utegemezi wa pantoni, ingawa kwa tozo. Lakini mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 ulizuia wakazi kujenga kwa miaka kadhaa bila mji huo kujengwa, na mnunuzi wa huko aulize kwa makini mchoro wa mipango miji unasema nini leo.

Kwa anayeuliza ushauri, hukumu yangu ni hii: nyumba ya mstari wa tatu au wa nne, juu kidogo, yenye hati na mtaro unaofanya kazi, ni bora kuliko jumba linalolambwa na mawimbi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huifikia vilevile. Bahari yenyewe inabaki umbali wa dakika kumi kwa miguu, mradi tu kuna njia ya kuifikia. Njia hizo zinapungua, na kila mnunuzi anaweza kuzilinda. Kama mchoro wa kiwanja unachonunua unaonyesha njia ya kwenda ufukweni, weka ukuta wako nyuma yake, na ukikuta muuzaji alishaiziba, dai ifunguliwe kabla hujatia saini.